Mednafen kwenye terminali: setingi zinazonata, nakala za CD za PlayStation, na padi isiyoitika

Swali: Nina laptopu ya zamani yenye Linux Mint na RAM ya GB 4, pamoja na CD zangu kadhaa za PlayStation ya kwanza. Nimeweka Mednafen, ile emuleta (programu inayoiga konsoli za gemu), lakini haina menyu wala dirisha lolote. Nikiandika mednafen kwenye terminali inatoa mistari michache kisha inajifunga. Nikiipa gemu, inalalamika kwamba haioni faili la scph5502.bin. Halafu siku moja niliongeza -video.fs 1 kwenye amri, na tangu hapo kila gemu inafunguka skrini nzima hata nisipoandika kitu. Naomba nielekezwe tangu kutoa gemu kwenye CD hadi padi ya USB ifanye kazi.

Jibu: Hakuna kilichoharibika kwenye mashine yako. Hayo matatu yote ni tabia ya kawaida ya Mednafen. Tuanze na hilo la mwisho, la skrini nzima, kwa sababu ukishalielewa, nusu ya usumbufu wa emuleta hii unakuwa umekwisha.

Setingi za Mednafen ni mamia, na kila moja ina jina lenye nukta: video.fs, sound.volume, psx.xscale na kadhalika. Ukitaka kubadilisha mojawapo unaanza na kistari, unaandika jina, unaacha nafasi, unaandika thamani. Jina la gemu linakaa mwisho kabisa wa amri (mbio.toc hapa ni mfano tu, faili lenyewe tutalitengeneza mbele):

mednafen -video.fs 1 -psx.stretch aspect mbio.toc

Programu nyingi za terminali husahau ulichoziambia mara tu zinapomaliza kazi. Mednafen haisahau. Kila setingi unayoiandika kwenye amri inahifadhiwa ndani ya ~/.mednafen/mednafen.cfg, na mara ijayo inasomwa kutoka humo. Kwa hiyo ulipoandika -video.fs 1 hukuomba skrini nzima kwa gemu ile tu. Uliagiza iwe hivyo siku zote. Dawa yake ni kuandika kinyume chake mara moja:

mednafen -video.fs 0 mbio.toc

Tabia hii ina faida kubwa ukiijua. Huna haja ya kubeba amri ndefu ya setingi 10 kila unapotaka kucheza. Unaandika setingi zako mara moja, unafunga, na kuanzia hapo amri yako ni mednafen na jina la gemu, basi. Hasara yake ni kwamba majaribio yako yote yanaachwa ndani ya faili hilo. Mtu akinakili amri tano tofauti kutoka mahali tofauti ili kutibu sauti, siku ya pili ana mchanganyiko wa zote tano bila kujua. Ndiyo maana ukitaka kujaribu kitu kipya, kijaribu kwenye folda ya pembeni:

mkdir -p /tmp/jaribio
MEDNAFEN_HOME=/tmp/jaribio mednafen -filesys.path_firmware ~/.mednafen/firmware mbio.toc

MEDNAFEN_HOME inaiambia Mednafen kwamba makazi yake kwa sasa ni folda hiyo, kwa hiyo inaanza na setingi za kiwandani na haigusi zako. Setingi ya -filesys.path_firmware pale inaielekeza kwenye faili za BIOS (programu ya ndani ya konsoli, nitaieleza mbele), la sivyo itazitafuta ndani ya folda hiyo mpya na kuzikosa. Tatizo likitoweka ukiwa kwenye folda ya majaribio, ujue kosa limo kwenye mednafen.cfg yako. Likibaki, litafute kwingine. Kipimo hiki kinaokoa muda kuliko kubahatisha.

Unaweza pia kulifungua mednafen.cfg kwa kihariri cha maandishi na kubadilisha mwenyewe. Mle ndani kila mstari una jina na thamani bila kistari, na mistari inayoanza na nukta-mkato ni maelezo tu. Hakikisha tu Mednafen imefungwa wakati unahariri, kwa sababu inaliandika upya faili hilo inapofungwa, na ulichobadilisha kitafutika. Maelekezo ya zamani yanataja faili la mednafen-09x.cfg, hilo ni la matoleo yaliyopita, usilihangaikie.

Sasa, kuna ngazi mbili juu ya faili hilo. Ukitengeneza ~/.mednafen/psx.cfg, yaliyomo yatahusu gemu zote za PlayStation peke yake. Ukitengeneza ~/.mednafen/pgconfig/mbio.psx.cfg, yatahusu gemu ambayo faili lake linaitwa mbio peke yake. Muundo ni ule ule wa jina na thamani. Gemu ikishinda mfumo, na mfumo ukishinda faili kuu, ndivyo mpangilio unavyokwenda. Kinachowachanganya wengi ni kwamba ngazi hizi mbili zinashinda hata unachokiandika kwenye amri. Kama psx.cfg inasema psx.input.port1 gamepad, unaweza kuandika -psx.input.port1 dualshock mpaka uchoke na hutaona mabadiliko. Setingi ikionekana kupuuzwa, chungulia kwanza kama kuna faili la aina hiyo umelisahau.

Kuhusu kujifunga papo hapo: ukiandika mednafen peke yake, haina cha kufungua. Inaandika toleo lake, inasema "No command-line arguments specified", inaondoka. Hiyo ndiyo maana kubofya ikoni yake hakusaidii chochote. Kuna programu ya Mednaffe inayoongeza dirisha juu yake, ila hata hiyo kazi yake ni kukutungia amri zile zile.

Haya, CD. Mednafen haisomi CD moja kwa moja kutoka kwenye kisomeo. Inataka nakala iliyo kwenye diski. Na siyo nakala yoyote. Kosa ninaloliona likirudiwa kuliko yote ni kutengeneza ISO, ama kwa dd au kwa programu ya kawaida ya kunakili CD. ISO inachukua baiti 2048 za data kutoka kila sekta. CD ya PlayStation ina sekta za baiti 2352, na video pamoja na sauti nyingi za gemu zimo kwenye sekta za aina ambayo data yake inazidi 2048. Ukitengeneza ISO sehemu hizo zinakatwa. Gemu inaweza kuanza vizuri, menyu ikaonekana, kisha ikaganda pale video ya utangulizi inapotakiwa kucheza. Mara nyingi dd haifiki hata huko: inakatika katikati kwa kosa la kusoma, na mtu anadhani CD imekwaruzika kumbe ni nzima.

Tumia cdrdao, ambayo inachukua sekta nzima:

sudo apt install cdrdao mednafen
mkdir -p ~/gemu/mbio
cd ~/gemu/mbio
cdrdao read-cd --read-raw --datafile mbio.bin --device /dev/sr0 --driver generic-mmc-raw mbio.toc

Ingia kwanza kwenye folda ya gemu kama nilivyofanya hapo, halafu ndipo uandike jina fupi la mbio.bin. Usiandike njia ndefu ya /home/... baada ya --datafile. Sababu yake utaiona ukifungua mbio.toc, ambayo ni maandishi ya kawaida yanayoeleza mpangilio wa CD:

CD_ROM_XA
TRACK MODE2_RAW
NO COPY
DATAFILE "mbio.bin" 23:41:15

Jina lililo kwenye DATAFILE ni lile lile ulilompa cdrdao. Kama ni njia ndefu yenye mikwaju, Mednafen itakataa kufungua na kusema njia hiyo ni "potentially unsafe", ikitaja setingi ya filesys.untrusted_fip_check. Huo ni ulinzi dhidi ya mafaili ya watu wengine yanayojaribu kusoma vitu nje ya folda yao. Wapo wanaoshauri kuuzima. Sioni haja: fungua TOC, futa njia, bakiza jina la faili, hifadhi. Angalia pia herufi kubwa na ndogo, kwa kuwa kwenye Linux mbio.BIN na mbio.bin ni mafaili mawili tofauti. Nakala iliyotoka kwenye mashine ya Windows hukwama hapo mara nyingi.

Zile namba 23:41:15 ni dakika, sekunde na sekta, na kila sekunde ina sekta 75. Mfano huo ni sekta 106590, ambazo mara 2352 zinatoa baiti 250699680. Ukubwa wa faili lako unapaswa kulingana na hesabu ya namna hiyo. Njia ya haraka ya kuhakiki ni kugawanya kwa 2352 na kutazama kinachobaki:

echo $(( $(stat -c %s mbio.bin) % 2352 ))

Jibu likiwa 0, angalau faili halijakatika katikati ya sekta na halijachukuliwa kwa ukubwa usio sahihi. Likiwa kingine, rudia kusoma. Kama cdrdao inakataa kugusa kisomeo, ondoa kwanza CD kwenye kidhibiti cha mafaili kwa amri ya umount /dev/sr0, na hakikisha jina lako limo kwenye kundi la cdrom.

Ifungue gemu kwa faili la TOC lenyewe, bila kuligeuza kuwa CUE, aina nyingine ya faili la kueleza mpangilio wa CD. Watu wengi wamezoea CUE kwa sababu emuleta nyingine zinaitaka, na cdrdao inakuja na toc2cue ya kufanyia kazi hiyo. Lakini cdrdao huandika sauti ya muziki wa CD ikiwa imepangwa baiti kubwa mbele, na TOC inaeleweka hivyo. CUE inasomwa kinyume chake. Matokeo yake, gemu yenye nyimbo kama za CD ya muziki itatoa kelele za mvumo mkali badala ya wimbo, huku milio mingine ikiwa sawa kabisa. Gemu isiyo na nyimbo za namna hiyo haitaona tofauti.

Kuna pahali pamoja utalazimika kutumia CUE. Baadhi ya gemu za Ulaya zina kinga iitwayo LibCrypt, iliyofichwa kwenye sehemu ya CD ambayo nakala ya kawaida haiibebi. Gemu inaanza, unacheza, kisha mahali fulani inaganda au inarudi nyuma bila sababu. Gemu hizo zinahitaji faili dogo la SBI lenye jina sawa na CUE, kwenye folda hiyo hiyo: mbio.cue, mbio.bin, mbio.sbi. Ukiona gemu ya Ulaya inaganda kila mara mahali pale pale, na hesabu ya 2352 imetoka 0, ishuku LibCrypt kabla ya kuishuku CD.

Hilo la Ulaya linatufikisha kwenye scph5502.bin. Hiyo ni BIOS, yaani programu iliyochomwa ndani ya konsoli yenyewe, na Mednafen haiji nayo wala haina mbadala wa kuiga. Inatafuta moja kati ya tatu kulingana na eneo la CD: scph5500.bin kwa Japani, scph5501.bin kwa Marekani, scph5502.bin kwa Ulaya. Eneo unalijua kwa msimbo uliochapishwa kwenye CD: SLES na SCES ni Ulaya, SLUS na SCUS ni Marekani, SLPS, SLPM na SCPS ni Japani. Kwa kuwa umeulizwa 5502, CD yako ni ya Ulaya, yaani PAL. Kuwa na 5501 peke yake hakutakusaidia kwa CD hiyo.

Faili linakaa ~/.mednafen/firmware, na jina lake ni herufi ndogo zote. Lazima liwe na baiti 524288 kamili. Lihakiki:

md5sum ~/.mednafen/firmware/scph5502.bin

Inatakiwa ianze na 32736f17 na kuishia na 39bd3050. BIOS ni mali ya Sony, na iliyo salama kisheria ni ile uliyoitoa kwenye konsoli yako mwenyewe. Siwezi kukuelekeza pa kuipakua. Kama konsoli yako ni ya namba nyingine ya Ulaya, mfano SCPH-7502, usilibadilishe jina faili ili lidanganye. Iambie Mednafen jina lake halisi:

mednafen -psx.bios_eu scph7502.bin mbio.toc

Na kama ilivyo kwa setingi nyingine, hiyo utaiandika mara moja tu.

Gemu ikishafunguka, F12 inaitoa, Alt+Enter inageuza skrini nzima, F5 inahifadhi hali ya gemu ilipo na F7 inairudisha, namba 0 hadi 9 zinachagua nafasi ya kuhifadhia, F10 inaanzisha gemu upya, F1 inaonyesha orodha ya vitufe vyote. Laptopu nyingi zinataka ushike Fn kwanza. Hali iliyohifadhiwa kwa F5 inaweza kukataliwa na toleo jipya la Mednafen, kwa hiyo gemu unayoijali iseve ndani kwa ndani kwenye memori kadi kama ulivyokuwa ukifanya kwenye konsoli. Memori kadi hizo zimo ~/.mednafen/sav, kila moja ikiwa na baiti 131072. Folda hiyo ndiyo ya kunakili kwenye flash kabla hujaweka upya Linux.

Padi sasa. Ichomeke kabla ya kuanzisha Mednafen. Ukiichomeka gemu ikiwa imeshafunguka haitaonekana, utabonyeza bure. Kwenye mistari inayopita kwenye terminali mwanzoni, tafuta jina la padi likiwa na kitambulisho kirefu kinachoanza na 0x. Kama halipo, tatizo liko kwenye Linux au kwenye waya, na hakuna setingi ya Mednafen itakayolitibu. Mistari ikipita haraka, ihifadhi:

mednafen mbio.toc 2>&1 | tee kumbukumbu.txt

Kabla ya kupanga vitufe, chagua aina ya padi itakayoigwa. Mednafen huanza na gamepad, ambayo ni ile padi ya kwanza kabisa isiyo na vijiti. Kama padi yako ina vijiti viwili:

mednafen -psx.input.port1 dualshock mbio.toc

Fanya hivi mwanzo, kwa sababu vitufe vinahifadhiwa kwa kila aina peke yake. Ukipanga vyote chini ya gamepad kisha ukahamia dualshock, utakuta padi iko kimya kabisa na utadhani kila kitu kimefutika. Hakijafutika, kimebaki kwa gamepad.

Gemu ikiwa imefunguka, bonyeza Alt+Shift+1. Hiyo 1 ni ya juu ya herufi, wala siyo ya pembeni, na inamaanisha mchezaji wa kwanza. Chini ya skrini litatokea jina la kitufe kimoja cha PlayStation na namba kwenye mabano, (1). Bonyeza kitufe unachokitaka kwenye padi. Namba inageuka (2), na jina halibadiliki. Hapa ndipo watu hupotea: wanadhani Mednafen haikusikia, wanabonyeza kitufe kingine, na sasa vitufe viwili tofauti vimepewa kazi moja. Kumbe ile (2) inakuuliza kama unataka kuongeza kitufe cha pili kwa kazi ile ile. Kama hutaki, bonyeza kile kile cha kwanza tena, nayo itasonga mbele. Kwa hiyo mwendo ni kila kitufe mara mbili: juu-juu, chini-chini, kushoto-kushoto, hadi mwisho. Vijiti navyo ni hivyo hivyo, kila upande unausukuma hadi mwisho, unauachia urudi katikati, unausukuma tena. Ukikosea, maliza tu kisha uanze upya kwa Alt+Shift+1.

Bila padi, kibodi inatumia W, A, S, D kwa mishale, na vitufe vya upande wa kulia vimewekwa kwenye namba za pembeni. Laptopu ndogo haina namba hizo, ndiyo maana unaweza kuona gemu inakubali mishale lakini hakuna kitufe cha kukubali. Pita njia ile ile ya Alt+Shift+1 uvihamishie kwenye herufi.

Vijiti vikiwa vimepangwa na bado gemu haviitiki, kumbuka DualShock halisi ilikuwa na kitufe cha Analog cha kuviwasha. Na hapa ni vivyo hivyo. Kama padi yako haina kitufe cha ziada cha kukipa kazi hiyo, washa mbadala:

mednafen -psx.input.analog_mode_ct 1 mbio.toc

Ukiwa ndani ya gemu, shikilia Select, Start na vile vinne vya mabegani, vyote kwa pamoja, kwa sekunde moja. Gemu za miaka ya mwanzo, kabla DualShock haijatoka mwaka 1997, hazielewi vijiti kabisa. Ukiwasha Analog zinaweza kukataa hata mishale. Kwa hizo acha ikiwa imezimwa.

Gemu yenye CD mbili au zaidi inahitaji faili la M3U. Ni orodha tu, jina moja kila mstari:

safari1.toc
safari2.toc

Lihifadhi kama safari.m3u, na kuanzia siku ya kwanza fungua hilo, wala usifungue safari1.toc peke yake. Mednafen inaipa memori kadi jina kutokana na faili ulilofungua pamoja na alama inayokokotolewa kutoka kwenye CD zenyewe. Ukianza na CD ya kwanza peke yake, ukacheza wiki nzima, kisha ukahamia M3U, utakutana na memori kadi tupu. Gemu ikikuambia ubadilishe CD, bonyeza F8 kuitoa, F6 kuchagua inayofuata, F8 tena kuirudisha.

Sauti isipotoka, mara nyingi ni kwa sababu Mednafen inajaribu kushika kadi ya sauti moja kwa moja wakati programu nyingine imeishikilia. Jaribu -sound.device sexyal-literal-default, na ikishindikana -sound.driver sdl. Ikitoka kwa kukwaruza, ongeza akiba: -sound.buffer_time 100, ambayo ni milisekunde. Kadiri unavyoongeza ndivyo mlio unavyochelewa nyuma ya picha.

Lakini mkwaruzo mara nyingi si ugonjwa wa sauti, ni dalili ya prosesa kuzidiwa. Bonyeza Shift+F1 gemu ikiwa inaendelea. Kwenye kona zitatokea namba tatu, moja juu ya nyingine. Ya juu kabisa ndiyo kasi ya konsoli inayoigwa. Kwa CD ya PAL inapaswa kukaa kwenye 50, kwa ya Marekani au Japani karibu na 60. Ikishuka chini ya hapo mara kwa mara, hakuna setingi ya sauti itakayokuokoa. Na usishangae kuona gemu ya PAL ikisita kidogo kwenye skrini ya 60 hata namba ikiwa 50 kamili. 50 haigawanyiki vizuri ndani ya 60, hilo litabaki.

PlayStation ilikuwa na prosesa ya MHz 33.8688 na RAM ya MB 2, kwa hiyo inaonekana ajabu laptopu ya GHz 2 kushindwa. Sababu ni kwamba Mednafen inaiga prosesa, chipu ya picha, ya sauti na kidhibiti cha CD vyote vikienda kwa mwendo unaofuatana, na picha yote inachorwa na prosesa yako. Kadi ya picha haisaidii hapo. Inapokea tu picha iliyokwisha chorwa. Ondoa mapambo kwanza:

mednafen -psx.special none -psx.shader none mbio.toc

Vichujio kama hq4x ni vizito kuliko vinavyofaidisha kwenye mashine ya namna yako. Kama kadi yako ya picha ni ya zamani sana na dirisha linafunguka jeusi, jaribu -video.driver softfb. Chomeka chaja, maana laptopu nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri. Kuna pia -cd.image_memcache 1, inayopakia CD nzima kwenye RAM; inaponya kusita kunakotokana na diski ya polepole, lakini ukiwa na GB 4 na kivinjari kimefunguka, faili la MB 700 linaweza kukusukuma kwenye swap (sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa) na hali ikawa mbaya zaidi. Iwashe kama tu unasikia diski ikihangaika kila gemu inapokwama. Sega Saturn, ambayo Mednafen pia inaiga, usiijaribu kwenye laptopu hiyo.

Namba ikigoma kufika 50 hata baada ya hayo, badilisha emuleta. PCSX-ReARMed ni nyepesi mno kwa sababu inatafsiri amri za PlayStation kuwa amri za prosesa yako kwa mafungu, badala ya kuziiga moja moja, na ina BIOS yake ya kuigiza. Inapatikana ndani ya RetroArch, programu inayokusanya emuleta nyingi pamoja. Kwenye Linux Mint iweke kwa flatpak kwa amri ya kwanza hapa chini, ifungue ushushe PCSX-ReARMed kutoka kwenye menyu yake ya kupakua, kisha tumia amri ya pili:

flatpak install flathub org.libretro.RetroArch
flatpak run org.libretro.RetroArch -f -v -L ~/.var/app/org.libretro.RetroArch/config/retroarch/cores/pcsx_rearmed_libretro.so ~/gemu/mbio/mbio.cue

-L inataja emuleta, -f ni skrini nzima, -v inamwaga maelezo kwenye terminali ili uone inapokwama. Hii -f haing'ang'anii kama ile ya Mednafen. Usipoiandika, RetroArch inafuata kilichomo kwenye retroarch.cfg. Inataka CUE, kwa hiyo hapa ndipo toc2cue inapohitajika, na ile kelele ya nyimbo za CD utaisikia kwa gemu zinazozitumia. Kwa gemu hizo, soma CD upya kwenye folda nyingine ukiandika --driver generic-mmc-raw:0x20000, inayogeuza mpangilio wa baiti za sauti wakati wa kusoma, kisha tengeneza CUE kutoka kwenye nakala hiyo. Nakala hiyo ya pili usiifungue kwa TOC kwenye Mednafen. Sasa kelele itahamia huko.